Siku Nilipompekua Mke wa Daudi

Marselina tumemzika Alhamisi iliyopita huko Gehandu, na mimi nilikuwepo. Nilitoka Masieda alfajiri, nikapanda pikipiki, kisha basi, kisha pikipiki nyingine, na nilipofika magoti yalikuwa hayataki tena kunyooka. Wajukuu wangu walikuwa wamenishangaa. "Bibi, huyo marehemu ni nani wetu?" Nikawajibu kwamba ni rafiki yangu wa ujanani, maana sikuwa na neno lingine la kuwapa watoto. Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu Marselina tangu siku ya kwanza nilipomwona akishuka kwenye lori, na hata Alhamisi, akiwa ndani ya sanduku, bado nilimwonea. Nilitazama watu waliojaa mpaka kwenye shamba la jirani wakimlilia. Nilimtazama mume wake, Daudi, mzee sasa, ameshikwa na watoto huku na huku kwa sababu huzuni ilimnyima miguu, nikajiuliza kama yupo mtu atakayeshindwa kusimama siku yangu. Mwanamke wa umri wangu hapaswi kuandika maneno kama haya. Lakini katika daftari hili nimeshaandika mengi ya maisha yangu bila kuona haya, na mwaka ule mmoja nimeuruka mara tatu. Nilikuwa naogopa usije ukasomwa na Marselina. Sasa hayupo, nitauandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilikuwa mpishi wa kantini katika shamba mojawapo la ngano la shirika la serikali, upande wa Basotu. Ambaye hakuyaona mashamba yale enzi zake hawezi kuelewa ukubwa wake. Ngano ilianzia nyuma ya jiko letu ikaenda mpaka pale macho yanapochoka, na ilipoiva, mlima Hanang ulionekana kama umeota katikati ya shamba. Kantini ilikuwa banda refu la mabati lenye meza nne za mbao, madirisha yasiyo na vioo, na sufuria mbili ambazo hata wanaume wawili walizibeba kwa kupumzika njiani. Asubuhi tulipika uji na chapati, mchana ugali na maharage, na siku wavuvi wa ziwani walipotukumbuka tulipika perege. Wafanyakazi waliingia na makapi ya ngano shingoni, wakanawa, wakala, wakazungumza. Mpishi husikia kila kitu, kwa sababu watu wanadhani anayekoroga sufuria ana masikio ya sufuria. Pamoja na upishi nilikuwa mgambo. Nilikuwa nimepitia mafunzo Katesh, nikapewa sare iliyonipwaya na buti za kiume, na katika kambi nzima sikuwa na mwenzangu mwanamke mwenye mafunzo yale. Nalitaja jambo hilo kwa sababu ndilo lililonipeleka chumbani kwa Marselina.

Daudi alikuwa dereva wa kombaini, mtu wa Dongobesh, mwenye sauti ya taratibu na mikono iliyonuka dizeli hata baada ya kunawa. Kwa misimu miwili alikula kwenye meza iliyo karibu na jiko. Hakuwahi kuniambia neno la kuoana, na naliandika hilo wazi ili asilaumiwe. Lakini alikuwa akisema, "Paska, chapati yako ingekuwa mtu ningeiandikia barua," watu wakicheka, na mimi nilikuwa nikimwekea ile ya katikati ya rundo, iliyobaki laini kwa mvuke wa wenzake. Alinieleza habari za mama yake, za ndugu yake aliyekufa kwa homa, za jinsi ngano inavyosikika ukiwa juu ya kombaini peke yako. Alipoondoka kwenda kwao Krismasi alinipa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida. Juu ya hicho kidogo nilijenga nyumba nzima, nikaipaka chokaa, nikapanda na maua.

Januari alirudi na mke. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kantini lori lilipofika. Marselina alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na alishuka kutoka juu ya magunia bila kushikwa mkono. Akaja kwangu moja kwa moja. "Wewe ndiye dada Paska? Daudi amenisimulia habari zako. Shikamoo dada." Tulikuwa tumelingana umri, labda hata yeye alinizidi miezi. Shikamoo ile ilinichoma kuliko tusi. Nikaitikia marahaba, na nyuma yangu, bombani, nikasikia wanawake wakinong'ona kwa sauti ambayo walijua ninaisikia. "Maskini, na chapati zote zile." Mwingine akasema, "Chapati hazileti mahari, mama," wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Tangu siku ile Daudi akawa anakula nyumbani kwake. Alikuja kantini kunywa chai tu, tena akiwa na haraka. Marselina alinialika kwake mara tatu. Kila mara nilimwambia nina kazi.

Ikafika mwezi wa tano. Siku moja baada ya chakula cha mchana, meza zikiwa tupu, Daudi aliingia akakaa mahali pake pa zamani. Moyo wangu uliruka kama mjinga. "Paska, nikuambie siri?" Nikamwambia aseme. "Kuna sista wa misheni anahama. Ana cherehani ya mkono, nzima kabisa, na amekubali kuniuzia. Jumamosi nakwenda kuichukua. Usimwambie mtu, hata mmoja. Nataka Marselina aikute mezani, ashtuke." Akazungusha kikombe. "Wewe ni mwanamke, unajua. Unadhani ataipenda?" Mimi nguo zangu zote nilizishona kwa sindano, jioni, nikiumiza macho. Nikamwambia, "Ataipenda." Jumamosi ile nikamwona akirudi na baiskeli, mzigo mzito umefungwa kwa gunia nyuma kwenye keria, anausukuma polepole kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona mtu akiutumia kwa jambo langu lolote.

Mavuno yalipokaribia, pampu mpya ya dizeli ya kombaini ikakosekana stoo. Hakuna aliyejua ni lini hasa iliondoka. Kombaini moja ilisimama ikiingoja, na mabosi wakaanza kupiga kelele kutoka makao makuu. Miaka ile mtu akiitwa mhujumu uchumi, hata waliokula naye jana walisogeza kiti. Mtunza stoo, Bwana Herman, mtu mwembamba mwenye kifua cha kukohoa, alikuwa hana usingizi, maana bila mwizi lawama ingebaki kwake. Aliingia kantini na Koplo Nyoni, mkuu wa kituo chetu kidogo cha polisi, mtu wa Songea, wakaagiza chai. Nikamsikia Herman akiuliza, "Kwani hakuna aliyeonekana na mzigo, mzigo mzito?" Hakuniuliza mimi. Ninaliandika hili ili mtu asije akanitetea. Nilitoka jikoni mwenyewe, nikifuta mikono, nikasimama mbele ya meza yao. "Mimi nilimwona Daudi na mzigo mzito kwenye baiskeli, Jumamosi moja, jioni."

Koplo alinipeleka kituoni nikaandikisha maelezo. Aliandika kwa utulivu, akiuliza kila neno mara mbili: mzigo ulikuwa mkubwa kiasi gani, ulifungwa na nini, ulitokea njia ipi. Nilijibu kweli tupu. Kisha akainua kalamu. "Unajua ndani kulikuwa na nini?" Dirisha lilikuwa wazi na nje Marselina alikuwa anapita na ndoo kichwani, shingo imenyooka, anaimba kidogo. "Sijui, afande," nikasema. Akayaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Kwa maelezo yale Koplo alikwenda Katesh, na kesho yake jioni akarudi na hati ya upekuzi.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, upepo wa mlimani ukiuma masikio, Koplo alisimama mlangoni mwa jiko. "Zima moto, vaa sare. Kuna nyumba ya kupekua na ndani kuna mwanamke. Mimi simgusi mke wa mtu." Nikauliza nyumba ya nani. "Utaiona," akasema, ingawa wote wawili tulijua. Nilifunga kamba za buti na, Mungu anisamehe, sikuwa na hofu yoyote. Nyumba ambayo nilikataa kuingia kama mgeni, sasa ningeingia kama serikali.

Tulikuwa watano: Koplo, konstebo mmoja, Bwana Herman wa kuitambua pampu, mimi, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Gidamis. Huyu alikuwa mfugaji wa Kibarabaig ambaye boma lake lilipakana na kambi, mzee mrefu aliyevaa shuka lake vizuri kuliko mabosi walivyovaa suti. Koplo alimwita awe shahidi, maana sheria haitaki polisi wapekue wenyewe bila jicho la nje. Mzee aliegemeza fimbo yake ukutani. Koplo akapiga hodi, akangoja, akapiga tena. Daudi akafungua akiwa na fulana. "Ndugu Daudi, hii ni hati ya mahakama. Inaniruhusu kupekua nyumba hii kutafuta pampu ya dizeli, mali ya shirika, kwa kuwa ulionekana Jumamosi moja na mzigo mzito kwenye baiskeli." Akaisoma yote, mpaka muhuri. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatoa vitu vyote mifukoni, akainua mikono. "Tupekue sisi kwanza, usije ukasema tumekuja na kitu."

Daudi alimpapasa Koplo, akampapasa konstebo, akampapasa Herman ambaye alianza kukohoa. Akafika kwangu. Mikono yake ilishuka. "Huyu namjua," akasema. Hakunigusa, akatupisha mlango.

Chumba cha mbele ndicho nilichokuwa nikikijenga kichwani tangu Krismasi, ila mwenye nyumba alikuwa mwingine. Viti viwili, kila kimoja na kitambaa cha kufuma. Pazia la maua. Harufu ya sabuni na ya maziwa yaliyochemka. Ndani ya beseni kulikuwa na vyombo vya jana usiku ambavyo havijaoshwa, na nikaona sahani moja na vijiko viwili. Nilikitazama kile kijiko cha pili muda mrefu kuliko upekuzi ulivyohitaji. Konstebo alikuwa anagonga kuta za sanduku la nguo, Herman amepiga magoti anachungulia chini ya meza, na mimi nimesimama na karatasi ya orodha, ambayo Koplo alinikabidhi kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, nikiwaza kwamba walikuwa wanakula sahani moja.

Cherehani ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Koplo alikifunua. "Hii?"

"Ya mke wangu," Daudi akasema. "Na kama mnatafuta mzigo niliobeba Jumamosi ile, ndio huo. Hakukuwa na mzigo mwingine."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Yupo mtu anayejua," Daudi akasema, akanitazama. Hakunitaja jina. Alinipa nafasi, na nafasi ile ilikuwa ndefu, hata Mzee Gidamis aligeuza kichwa kutazama kama kuna mtu amefika mlangoni. Mimi niliinamisha macho kwenye karatasi nikaandika neno "cherehani" kwa herufi nzuri.

Koplo akaniashiria kwa kidevu. Chumba cha kulala kilikuwa changu na Marselina peke yetu, wanaume wakabaki nje. Alikuwa amesimama karibu na kitanda, amejifunga khanga mbili. "Nyoosha mikono, mama," nikamwambia kwa sauti ya sare. Nikampapasa mabega, kwapa, kiuno. "Dada Paska, mikono yako ina baridi," akasema, akajaribu kucheka, na hofu ikamkatisha. Nikavivuta viganja vyangu, nikavisugua mpaka vikapata joto, kisha nikaendelea. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Chini ya khanga ya pili nikakuta tumbo, gumu na la mviringo. Nikasimamisha mikono pale. "Ni miezi mitano," akaninong'oneza. "Hakuna anayejua ila Daudi. Na sasa wewe." Alisema kwa furaha, kama mtu aliyepata wa kumwambia. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mtoto wa mwanamume niliyempenda alikuwa chini ya viganja vyangu, na mama yake alikuwa ananitabasamia.

Nikainua godoro. Pale palikuwa na kifurushi kidogo, nikakifungua. Vigauni vitatu vya mtoto mchanga na kofia, vimeshonwa kwa mashine, mishono imenyooka kama mistari ya daftari. Kitambaa kilikuwa cha mifuko myeupe ya mbegu, ile iliyokuja na ngano ya kupanda. Muhuri wa shirika ulikuwa umefifia kwa kufuliwa, lakini mgongoni mwa kigauni kimoja neno MBEGU lilisomeka. Kila nyumba ya kambi ilikuwa na mifuko ile. Ikishamwagwa mbegu hakuna aliyeiulizia, tulishona mapazia, tulishona aproni. Sketi ya ndani niliyoivaa asubuhi ile, chini ya sare ya serikali, ilikuwa ya kitambaa kilekile. "Hizo za mtoto, dada," Marselina akasema. "Tafadhali zikunje vizuri ukizirudisha." Nikazikunja vizuri, nikatoka nazo nje.

"Afande, kuna mali ya shirika."

Koplo alikipokea kigauni. Kilikaa chote juu ya kiganja chake. Nilimwona usoni kwamba alitamani nisingekileta. Mzee Gidamis akakisogelea. "Hii?" akasema. "Hii hata kwangu iko. Mama watoto anashona. Watu wote wanashona." Lakini Herman, ambaye kwa siku kumi alikuwa anasubiri mtu mwingine aitwe mwizi badala yake, alikishika pembeni. "Muhuri ni muhuri, afande. Leo mifuko, kesho pampu." Koplo hakuweza tena kurudi nyuma, maana jambo lilikuwa limeshasemwa mbele ya watu. Akanipa kalamu bila kunitazama. "Andika."

Niliandika: vigauni vitatu vya mtoto, kofia moja, kitambaa cha mifuko ya mbegu. Daudi alitia sahihi, Mzee Gidamis akabonyeza dole gumba. "Ndugu Daudi, uko chini ya ulinzi," Koplo akasema, na konstebo akatoa pingu. Marselina alitoka chumbani mbio. Nilidhani atalia au atanirukia. Alikuwa na sweta. Alilitupia mabegani mwa mumewe na, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa, akafunga vifungo yeye, vyote vitano, polepole, kuanzia chini. Koplo alingoja mpaka kifungo cha mwisho. Nimeishi miaka mingi tangu wakati huo, nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, na sijawahi kutamani kitu cha mtu mwingine kama nilivyotamani vifungo vile vitano.

Daudi alipelekwa rumande Katesh. Kila wiki Marselina alidandia lori la ngano kumpelekea chakula, tumbo likikua. Nilimwona asubuhi akipandishwa juu ya magunia, kikapu kifuani, na badala ya kumhurumia nilimwonea wivu hata safari ile, kwamba alikuwa na mtu wa kumpelekea. Siku moja alikuja jikoni kwangu. "Dada Paska, anasema chakula cha kule hakipiti. Ameulizia chapati. Nifundishe basi jinsi unavyozipika wewe." Nilimfundisha. Nilimwonyesha kukanda, kusukuma, kupaka mafuta na kukunja. Sikumwambia kwamba unga naukanda kwa maji ya moto. Alinishukuru kwa mikono miwili, akaenda zake na chapati ambazo zingekuwa ngumu kabla hajafika Katesh. Upekuzi nimeusimulia, watu wakanielewa, nikasema nilikuwa kazini. Lakini habari ya maji ya moto sijawahi kumwambia mtu.

Baada ya wiki tano pampu ilipatikana. Haikuwa imeibwa. Fundi mkuu alikuwa ameiazimisha shamba la jirani bila karatasi, akaenda likizo, akasahau. Watu walicheka kantini, Herman akanywa chai vikombe vitatu. Lakini kesi ya mifuko ilikuwa imeshafunguliwa, na kesi ikishafunguliwa haijifungi yenyewe. Mwezi wa nane tuliitwa mahakamani Katesh, mimi na Mzee Gidamis, kuwa mashahidi wa upande wa mashtaka. Chumba kilikuwa kidogo, benchi zimejaa, na Marselina amekaa mbele, mkono juu ya tumbo. Daudi alikuwa amekonda. Niliulizwa nilivikuta wapi vile vigauni. Chini ya godoro, nikajibu. Vilikuwa vimefichwa? Nikasema, "Vilikuwa chini ya godoro, mheshimiwa." Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, aliniuliza kama nilikuwa na la kuongeza. Nililokuwa nalo lilikuwa limefika kooni kabisa. Nikaona Daudi ameniinulia macho. Nikasema sina.

Akaitwa Mzee Gidamis. Alisimama, akafungua shuka lake kifuani, akatoa gauni la msichana mdogo, la mfuko wa mbegu, na muhuri wake haukufifia hata kidogo. Akalitandaza mbele ya hakimu. "Mheshimiwa, hii ya mjukuu yangu. Mimi mtu ya ng'ombe, sheria ya karatasi sijui sana. Lakini kama huyu kijana ni mwizi, mimi ni mwizi pia, na mama watoto ni mwizi. Na huyu," akanielekezea mkono bila ubaya wowote, "huyu anatupikia chai, na aproni yake ni hii hii. Tufunge wote au tuachie wote." Watu waliguna. Hakimu aliondoa miwani, akaniuliza kama ni kweli. "Ni kweli, mheshimiwa." Ilikuwa kweli ya kwanza niliyoisema kwa faida ya Daudi, na ilitolewa mdomoni mwangu kama jino.

Daudi aliachiwa siku ileile. Shirika halikumrudisha kazini, maana aliyekwisha kufungwa pingu mbele ya kambi hawezi kupewa kombaini. Kabla ya mwisho wa mwezi walipakia viti viwili na cherehani, wakahamia Gehandu, kwenye shamba la baba yake Marselina, dereva akawa mkulima wa jembe la mkono. Mwezi wa kumi nikasikia wamepata mtoto wa kike, Juliana. Desemba, kantini ilipofungwa kwa sikukuu, nilifunga sukari na sabuni kwenye kitenge nikaenda. Nilikwenda kusema. Njia nzima nilikuwa narudia maneno. Marselina alinipokea getini kwa kukimbia, akanikalisha, akaniletea uji wa mtama na maziwa, kisha akaniwekea mtoto mapajani. "Mama yako mkubwa huyu," akamwambia mtoto, "ndiye aliyekujua kabla ya bibi zako." Daudi alikuwa mlangoni, ameshika jembe, ananitazama. Yule mtoto alikuwa na paji la uso la baba yake. Nilimshika mpaka uji ukapoa, nikaaga, nikaondoka na maneno yangu yote. Nilirudi mara nyingine nne au tano katika miaka iliyofuata, kila mara na nia ileile, kila mara nikashindwa na ukarimu wa yule mwanamke, ambao nao niliuonea wivu.

Alhamisi, watu walipotoka makaburini na kukaa chini ya turubai, nilivuta kiti karibu na Daudi. Nikampa pole. "Nimepoa, Paska," akasema. Mvua nyembamba ilikuwa inagonga turubai, vijana wanagawa maji ya kunawa. Nikasema kabla sijaogopa. "Baba Juliana, ile asubuhi ya upekuzi. Kabla yake Koplo aliniuliza kama najua mzigo wako ulikuwa na nini. Nilijua. Nikasema sijui."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipowafungulia mlango nikakuona. Siri ile niliwaambia watu wawili tu duniani, yule sista na wewe."

"Na Marselina? Alijua?"

Akatikisa kichwa. "Hakujua. Mpaka anafumba macho alikuwa anakusifu. Alisema polisi walileta mtu aliyepasha mikono joto kabla ya kumgusa."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia miaka yote ile, wakati nilikuwa naingia kwake, nakula kwake, nabeba watoto wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa mzee aliyechoka ambaye amezika mke wake siku hiyo, na hakuwa na sababu ya kunidanganya.

"Ningemwambia, angekusamehe siku ileile. Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Mimi sikutaka usamehewe."

Kisha akainua mkono, akamwita binti yake aniletee chakula, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali.